Hizo herufi za swag kwenye jina lako ni za hisabati, na huenda zinakukosesha wateja

UKIPITIA kurasa za vijana Instagram au TikTok, hutakosa jina lililoandikwa 𝓱𝓲𝓿𝓲 au 𝗵𝗶𝘃𝗶. Linavutia, hakuna ubishi. Mtu anaingia kwenye tovuti ya kugeuza maandishi, anachapa jina lake, anakopi, anapesti, basi luku imeiva.

Wengi wetu hudhani hiyo ni fonti tu. Kumbe si fonti! Ni herufi tofauti kabisa, na hazikuundwa kwa ajili ya kupamba majina.

Iko hivi. Kompyuta na simu haijui herufi, inajua nambari. Mfumo wa kimataifa unaoitwa Unicode huipa kila herufi nambari yake. A ya kawaida ni 65. Ile A nene, 𝐀, ni 119808. Kwa jicho lako zote ni A, lakini kwa simu hazina undugu wowote.

Mnamo 2001, toleo la 3.1 la Unicode liliongeza safu nzima ya herufi kama hizi kwa ajili ya wanahisabati. Kwao, umbo la herufi hubeba maana. Kumbuka vekta za shule ya upili: kitabuni huchapishwa kwa herufi nene, nawe kwenye daftari unachora mstari chini yake. Katika fomula moja, 𝐯 yaweza kuwa vekta na v ya kawaida ikawa kasi. Ukizichanganya, hesabu imeharibika.

Ndiyo maana hata h ya mlazo haimo kwenye safu hiyo. Nafasi yake iliachwa wazi kwa sababu Unicode tayari ilikuwa na ℎ, alama ya kipimo kisichobadilika cha Planck katika fizikia. Msee anayeandika jina lake kwa mlazo anaazima alama ya fizikia bila habari!

Sasa, shida iko wapi?

Kwanza, biashara. Tuseme unauza mitumba mtandaoni na ukurasa wako unaitwa 𝓥𝓲𝓪𝓽𝓾 𝓢𝓪𝓯𝓲. Mteja anachapa "viatu safi" kwa kibodi ya kawaida. Unicode ina kanuni ya kurudisha herufi hizi kuwa za kawaida, lakini si kila programu huitumia. Pale isipotumika, duka lako halionekani, na mteja anaenda kwa jirani.

Pili, ujumbe wa SMS. Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba hadi herufi 160. Ukitia herufi moja tu ya aina hii, kikomo hushuka hadi nafasi 70, na kila herufi ya urembo hula nafasi mbili. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja, ukiandika "Viatu" kwa mbwembwe, unakatwa vipande vitatu. Ukiwatumia wateja 200, unalipia SMS 600. Hapo urembo umekula faida.

Tatu, na hili ndilo zito, kuna wenzetu wasioona. Wao hutumia programu zinazosoma skrini kwa sauti, kama TalkBack kwenye Android na VoiceOver kwenye iPhone. Zikikutana na 𝓥, baadhi husoma jina lake rasmi lote kwa Kiingereza, yaani "V kubwa ya hisabati, nene, ya mwandiko wa mkono", kisha zinahamia herufi inayofuata na kuanza upya. Nyingine huruka na kunyamaza kimya. Fikiria ni tangazo la kazi, mchango wa matibabu au mahali pa mkutano. Wewe umeweka swag, mwenzako ameachwa nje.

Isitoshe, safu hiyo ina A hadi Z bila vialama vya juu. Ukiwa na jina la Kikuyu lenye ĩ au ũ, herufi hizo kwa kawaida hubaki vilevile katikati ya zilizopambwa, na jina linatoka kama shati lenye kiraka. Na kwenye simu za zamani, jina zima laweza kuwa vijisanduku vitupu.

Hatusemi uache kujipamba, la. Ila jina lako, jina la biashara, nambari ya simu na chochote ambacho mtu lazima akielewe, viandike kwa herufi za kawaida. Urembo uwekee neno moja la pembeni ambalo likipotea hakuna anayeumia. Ukitaka herufi nene WhatsApp, zungushia neno nyota, *hivi*, na programu yenyewe italinenepesha bila kubadilisha herufi. Kwenye wasifu wa kuombea kazi, tumia kitufe cha herufi nene kilichomo kwenye programu ya kuandikia, usipesti za mtandaoni.

Na leo jioni jipime. Chukua simu ya rafiki, chapa jina la ukurasa wako kwa kibodi, uone kama linatokea. Kisha washa TalkBack, funga macho, usikilize jina lako likisomwa. Kama wewe mwenyewe hujitambui, mteja atakutambuaje?