Riwaya moja juu ya vita yetu, na wasomaji wasiopatana

Kuna riwaya moja ya ujasusi ambayo kila ikipita mikononi mwa watu wa mashariki, inaacha mabishano. Kwa Kiingereza inaitwa The Mission Song, ilitoka 2006. Kwa Kifaransa ni Le Chant de la mission. Mwandishi ni John le Carré, Mwingereza aliyefanya kazi ya ujasusi yeye mwenyewe kabla ya kuishi kwa kalamu. Hapa kwetu, Lokandu hadi Kindu, kopi moja inazunguka mpaka kava inatoka, na kila anayeirudisha anairudisha na maneno. Mmoja anasema ni kitabu kikubwa, mwingine anasema: « Huyu muzungu anatujuaka wapi? » Nataka kueleza mabishano hayo yanatoka wapi, juu kila upande uko na sababu yake.

Hadithi yenyewe kwa kifupi. Bruno Salvador, wanamwita Salvo, ni mtoto wa padri wa Ireland na binti wa chifu wa Kongo. Anaishi Uingereza, na kazi yake ni ukalimani: Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza, na lugha ndogo za Kivu ambazo kule London hakuna mwingine anayezijua. Siku moja idara ya siri inamtuma kwenye kisiwa kisicho na jina. Huko matajiri wa Ulaya wamewaita wakubwa watatu wa Kivu: Franco wa Mai-Mai, Dieudonné ambaye ni Munyamulenge, na Haj, kijana wa biashara wa Bukavu aliyesoma Paris. Juu yao kuna mzee wanayemwita Mwangaza, mwenye kuhubiri amani. Wanasema ni mkutano wa kuleta maendeleo. Kumbe ni mpango wa kuteka Kivu kabla ya uchaguzi na kugawana madini. Salvo anayajua yote kwa sababu, mbali na kutafsiri mezani, anawekwa chini ya nyumba na vifaa vya kusikiliza vyumba vyote.

Sasa tuje kwenye magomvi.

Wanaokikataa wanasema hivi: hii ni vita bila matope. Kongo yenyewe haionekani. Tunaambiwa juu ya Bukavu, lakini tunakaa ndani ya nyumba moja ya Ulaya, watu wanaongea, wanakula, wanaongea tena. Mtu wa Maniema aliyeona Kindu ikianguka mikononi mwa RCD Oktoba 1998, aliyeona mji umefungwa, reli imekufa, chumvi imekuwa dhahabu, anafungua kitabu akitafuta yale. Hayapati. Dada mmoja aliniuliza: « Na mama zetu bako wapi humu? » Kweli, mwanamke wa Kongo mwenye sauti humu ni Hannah tu, muuguzi wa London, na wakati mpango unapikwa yeye hayuko chumbani.

Lawama hiyo ni nzito, siikatai. Lakini kwa macho yangu, huo mbali ndio habari yenyewe. Mambo yetu yaliamuliwa wapi? Mazungumzo ya Wakongomani ya 2002 yalifanyika Sun City, Afrika Kusini, mahali pa hoteli na kasino. Mkataba wa Desemba mwaka uleule ulitiwa sahihi Pretoria. Sisemi mikutano ile ilikuwa njama kama ya kisiwani. Nasema mwanakijiji wa kando ya Lualaba alisikia matokeo kwenye redio. Kitabu kinakuweka ndani ya chumba ambacho wewe hukuitwa, na ndiyo maana kinachosha na kuuma kwa wakati mmoja.

Wengine wanauliza kama jambo la namna hii linawezekana, ama ni sinema tu. Hapa majibu si magumu. Machi 2004, miaka miwili kabla ya kitabu, ndege yenye mamluki ilikamatwa Harare. Kiongozi wao, Simon Mann, alikuwa afisa wa zamani wa jeshi la Uingereza, na walitaka kuipindua serikali ya Guinea ya Ikweta, nchi ya mafuta. Mwaka uliofuata Mark Thatcher, mtoto wa waziri mkuu wa zamani, alikubali kosa mbele ya mahakama ya Afrika Kusini kwa kusaidia kupata helikopta. Na sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Wazee wa Kindu wanakumbuka mamluki walioingia mjini Novemba 1964, wakati wa Simba. Mwaka wa 1967 Jean Schramme, Mbelgiji, alishika Bukavu kwa wiki kadhaa. Le Carré hakuvumbua kitu. Alibadilisha nguo tu.

Ugomvi mkali zaidi ni juu ya Dieudonné. Kuna wasomaji waliokasirika kwa sababu anapewa nafasi ya kueleza uchungu wa watu wake. Kwao, waliopoteza ndugu wakati wa vita, ile ni kama mwandishi amechagua upande. Naelewa hasira. Lakini soma tena mahali pale: anayeongea ni mtu mgonjwa, aliyechoka na vita kuliko wote mezani, na Franco anayemkabili naye anapewa maneno yake. Kama kuna mtu aliyeonewa na kalamu, basi ni Franco, ambaye mara nyingi anabaki askari wa porini tu. Haj ndiye aliyeandikwa vizuri kabisa: mcheshi, mjanja, mwenye suti kali, na ndiye atakayelipa bei kubwa kwa kukataa. Wimbo wa kitabu, ule wa watoto wa misheni, unatoka kinywani mwake. Sitasema ni wakati gani.

Wanaokipenda zaidi, nimegundua, ni wale waliowahi kutafsiria watu. Baada ya MONUC kufika Kindu, vijana wengi wenye lisanse walipata mkate kwa njia hiyo. Wanajua ni nini kukaa katikati, kubeba maneno ya pande mbili, na hakuna anayekutazama usoni. Mmoja alisema aliona aibu aliposoma jinsi Salvo anavyofurahia kuitwa mtu wa maana. Kwao kitabu si cha ujasusi. Ni cha kazi.

Na hao hao wamegawanyika. Salvo anaiba kanda za mkutano ili afichue mpango, na mwishoni Uingereza inamvua uraia na kumfungia akingoja kufukuzwa. Nusu wanasema alifanya lile ambalo kila mtoto wa Kivu angefanya. Nusu wanasema mkalimani akivunja siri mara moja, kesho hakuna atakayeamini mwingine, na anayekosa kazi ni kijana wa Kindu, si tajiri wa kisiwani. Jana jioni waliachana bila kuagana.