Video za Simu Yako Hazivutii? Fanya Mambo Haya 7 Kabla Hujafikiria Kununua Kamera

Mgodi wa Buzwagi pale Kahama ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, ukasimamisha uzalishaji mwaka 2021, na eneo lake likageuzwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Mji sasa unasukumwa zaidi na biashara: mchele, nguo, vipodozi, harusi na ngoma. Na siku hizi mteja anaiona bidhaa kwenye simu kabla hajakanyaga dukani. Video ikiwa na giza, inatikisika na haisikiki, anapita tu. Hela imeondoka.

Habari njema ni kwamba simu uliyonayo inatosha kuanzia. Zingatia haya:

1. Futa kioo cha kamera
Simu inakaa mfukoni, inashikwa na mikono ya mafuta, na kiangazi vumbi la huku unalijua. Ukungu unaouona kwenye video mara nyingi ni uchafu tu. Futa kwa kitambaa laini cha pamba kila unapoanza. Halafu tumia kamera ya nyuma. Kwa simu nyingi ndiyo yenye ubora zaidi.

2. Lijue jua la kwenu
Kahama iko magharibi mwa nchi, kwa hiyo jua linafika juu kabisa karibu saa 7 mchana, siyo saa 6. Muda huo macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Rekodi kuanzia saa 1 na nusu hadi saa 3 asubuhi, au saa 11 hadi saa 12 na nusu jioni. Ukilazimika mchana, ingia kivulini. Ndani ya duka, mweke muuzaji atazame mlango, wewe simama mgongo ukiwa mlangoni bila kumkinga mwanga.

3. Usizoom, sogea
Ukivuta picha kwa vidole, simu nyingi zinakata picha na kuikuza, ndiyo maana inakuwa na chenga. Tembea, mkaribie mtu.

4. Tuliza mkono
Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vibane mbavuni. Huna stendi? Jaza mchanga au mchele kwenye mfuko mdogo, weka juu ya meza, simamisha simu hapo.

5. Sauti ni nusu ya video
Mtu anaweza kuvumilia picha ya wastani, lakini siyo makelele ya bodaboda. Simama hatua moja au mbili tu kutoka kwa anayeongea, upepo uwe mgongoni kwako. Au azima simu ya pili, washa kinasa sauti, mwekee mfuko wa shati. Pigeni kofi moja mwanzoni. Mlio huo utakusaidia kulinganisha sauti na picha ukihariri kwenye CapCut au InShot.

6. Panga setingi
Chagua 1080p, fremu 30 kwa sekunde. Dakika moja inakula takriban MB 60 hadi 130 kutegemea simu. Ya 4K inakula mara mbili au tatu ya hapo, itamaliza nafasi na bando lako. Gusa uso wa mtu kwenye skrini na ushikilie kidogo; simu nyingi zitafunga fokasi na mwanga visirukeruke. TikTok simamisha simu, YouTube ya kawaida ilaze.

7. Rekodi vipande vifupi
Chukua mfano wa ngoma ya bugobogobo. Anza na kundi zima, sekunde 10. Kisha mchezaji mmoja. Kisha jembe likirushwa, mguu ukipiga chini, uso wa mpiga ngoma. Ukiviunga, mtazamaji anajihisi yupo pale. Ukirekodi dakika 6 mfululizo umesimama sehemu moja, atachoka mapema.

Mambo mawili usiyasahau. Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo inabanwa na ubora unashuka. Pia omba ruhusa kabla ya kumrekodi mtu, na usirekodi ndani ya mgodi bila kibali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini tangu Mei 2023.

Leo jioni chukua bidhaa moja tu, irekodi mara mbili: moja kwa mazoea yako, nyingine kwa hatua hizi. Zitazame zote. Tofauti utaiona mwenyewe.