Picha ni Shahidi: Mama, Uliza Inashuhudia Nini

Wapo wanaodhani kazi ya kamera ni harusi, kipaimara na sikukuu. Picha hizo ni njema, na wengi wetu tunazo ukutani. Lakini kuna picha za namna nyingine: za watu wanaodai haki, na za watu waliosahauliwa katika umaskini. Hizo hazipambi sebule. Kazi yake ni kutoa ushahidi. Sisi wa Iringa na Mbeya tunayo sababu ya kuzifahamu.

Kilichotokea Nyololo

Jumapili ya tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi alikuwa kazini katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi. Alikuwa mwandishi wa kituo cha televisheni cha Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoani Iringa. Siku hiyo wafuasi wa CHADEMA walikuwa wanafungua tawi la chama chao. Polisi walikuwa wamezuia mikusanyiko ya kisiasa kwa sababu ya sensa ya watu iliyokuwa ikiendelea.

Vurugu zikatokea. Mwangosi alizingirwa na askari, akapigwa, kisha bomu la machozi likafyatuliwa karibu kabisa na mwili wake. Alikufa hapo hapo. Ofisa mmoja wa polisi aliyejaribu kumkinga alijeruhiwa.

Maelezo ya mwanzo ya polisi yalielekeza lawama kwa kitu kilichorushwa na wafuasi wa chama. Lakini wapiga picha walikuwapo. Picha zilizotoka magazetini zilimwonyesha Mwangosi akiwa katikati ya askari, na silaha imeelekezwa kwake. Nchi nzima iliona. Waandishi waliandamana kimya kimya jijini Dar es Salaam. Mwezi Julai 2016, Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 15.

Mwangosi alizikwa kijijini kwao Busoka, wilayani Rungwe. Mke alibaki mjane, na watoto wakabaki bila baba. Picha haikuweza kumrudisha. Ilichoweza ni kuzuia kifo chake kisielezwe kwa namna isiyo ya kweli. Kwa familia iliyofiwa, hilo si jambo dogo.

Mama aliyekataa jeneza lifungwe

Miaka mingi kabla ya hapo, mama mmoja Mmarekani Mweusi alikabiliwa na uamuzi mgumu kuliko wote. Mamie Till aliishi Chicago na mwanawe wa pekee, Emmett, mwenye umri wa miaka 14. Agosti 1955 kijana huyo alikwenda kuwatembelea ndugu zake katika jimbo la Mississippi. Alidaiwa kumkosea adabu mwanamke Mzungu dukani. Usiku wa tarehe 28 Agosti wanaume walimchukua, wakamtesa na kumuua, na mwili wake ukatupwa mtoni.

Jeneza lilipofika Chicago, wakubwa wa Mississippi walitaka libaki limefungwa. Mama alikataa. Aliagiza lifunguliwe kanisani ili watu waone alichofanyiwa mtoto wake. Maelfu walipita mbele ya jeneza lile. Mpiga picha David Jackson alipiga picha, na gazeti la Jet likazichapisha.

Mahakama iliwaachia washtakiwa wawili, ambao mwaka 1956 walikiri katika gazeti kwamba ndio waliomuua. Lakini picha ile iliwaamsha watu. Mwezi Desemba 1955, Rosa Parks alikataa kumpisha Mzungu kiti katika basi mjini Montgomery, na harakati za haki za raia zikapamba moto. Mwaka 2022 Marekani ilitunga sheria dhidi ya mauaji ya aina hiyo, ikapewa jina la Emmett Till.

Tuangalie jambo moja hapa. Picha ile ilikuwa ya kutisha, lakini haikumwaibisha Emmett, kwa sababu mama yake ndiye aliyeamua ionekane na alijua kwa nini.

Akina mama wa Nairobi

Jirani zetu nao wana habari yao. Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa nchini Kenya walikaa katika kona ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wakafunga kula ili wana wao waachiwe. Profesa Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia na kuwapiga, na Wangari akapoteza fahamu. Baadhi ya wazee wa kike walivua nguo mbele ya askari, jambo ambalo katika mila zao ni laana kubwa.

Akina mama hao walihamia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote lililo karibu, wakaendelea na mgomo wao humo hadi mwanzoni mwa 1993 wafungwa walipoachiwa. Kanisa lilifungua mlango, na kamera zikafanya dunia ijue kwamba kuna akina mama ndani. Mtu anayetazamwa na ulimwengu ni vigumu kumpoteza kimya kimya.

Umaskini mbele ya kamera

Kuhusu njaa, tumkumbuke Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, lakini alikulia Dar es Salaam, ambako baba yake alifanya kazi reli, na huko ndiko alikoanzia kazi ya picha. Oktoba 1984 alipiga picha za televisheni za watu waliokuwa wanakufa kwa njaa huko Korem, Ethiopia. BBC ilizionyesha, na misaada mingi ikamiminika.

Picha hizo ziliokoa maisha. Lakini pia ziliacha desturi mbaya: kumwonyesha Mwafrika kila mara akiwa mifupa mitupu na mikono imenyooshwa, bila jina na bila kueleza kwamba vita nayo ilichangia njaa ile.

Hapa ndipo jambo hili linapoingia nyumbani kwetu. Utafiti wa mwaka 2007 hadi 2008 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Iringa, wakati huo ukiwa pamoja na Njombe, karibu watu 16 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Yatima wakawa wengi, bibi zao wakawalea, na wageni wakaja na kamera. Wengine walikuja kwa upendo. Lakini je, mtoto aliyepigwa picha akilia na kamasi zikimtoka, ili wafadhili wamhurumie, atajisikiaje akiiona picha hiyo akiwa mtu mzima?

Tena kuna umaskini ambao kamera haiuoni. Picha za mikoa yetu huonyesha mahindi, chai na viazi vilivyostawi. Lakini utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kuwa mkoani Iringa watoto wapatao 57 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali kitaifa ni 30. Shamba la kijani nalo linaweza kutoa ushahidi wa uongo, na amri ya Mungu inatukataza kumshuhudia jirani uongo.

Mama afanye nini?

Anapokuja mtu kumpiga picha mtoto wako, au yatima unayemlea, muulize ni ya nini, itaonyeshwa wapi, na nani atanufaika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua umuhimu wa ridhaa. Kukataa si kukosa adabu wala shukrani.

Ukikubali, mnawishe mtoto na umvalishe vizuri, kama ungemtayarisha kwenda kanisani. Shida ya kweli itaonekana tu, hata uso ukiwa safi.

Wewe mwenye simu, usisambaze picha za maiti za ajali wala za wagonjwa. Mamie Till aliamua juu ya mtoto wake mwenyewe. Sisi hatuna ruhusa ya kuamua juu ya wafu wa wenzetu.

Lakini ukiona uonevu, usiseme kwamba picha zote ni mbaya. Kitabu cha Mithali, sura ya 31, kabla ya kumsifu mke mwema, kinatuagiza tuwasemee wasioweza kujisemea. Wakati mwingine anayewasemea ni mpiga picha. Tumwombee yeye na familia yake.

Ya kujadili katika kikundi cha akina mama:

1. Ni picha gani ya watoto wetu tusingependa wageni waipeleke kwao? Kwa nini?

2. Kanisa letu lingefanya nini iwapo akina mama wenye kilio cha haki wangebisha hodi?