Springi za Mbele Zikichoka, Ambulensi Huwa Hatari

Ambulensi inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne humfikia mama mjamzito mahali gari dogo halifiki. Lakini barabara mbovu huchosha springi zake za mbele, zile za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka. Dalili ni gari kulala upande mmoja, chuma kupasuka, bushi kulika au usukani kuyumba breki zikikanyagwa.

Fundi abadilishe springi za pande zote mbili pamoja, na bolti za U ziwe mpya, kwani za zamani huwa zimevutika. Pini za bushi za mpira zikazwe kabisa gari likiwa limeshuka jeki. Vinginevyo bushi hujipinda na kukatika mapema. Baada ya safari chache, bolti zikazwe tena.

Madereva wanahimizwa kukagua springi kabla ya kila safari.