Mtihani Mmoja, Dhiki Mbili

Katika nchi ya dhahabu, ambako riziki ya mtu hutegemea kama duara, yaani shimo la mgodi, limetema dhahabu au halikutema, mzazi huzoea kuishi baina ya matumaini na hofu. Na mazoea hayo, apende asipende, humrithisha mwanawe aendaye shule.

Mtazame kijana wa shule ya kata huko Nyang'hwale au Kishapu. Ada haimsumbui, kwa kuwa Serikali iliifuta kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016; lakini neema hiyo ilijaza madarasa kupita kadiri ya walimu waliokuwapo. Naye, aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili na nyumbani husema Kisukuma, hukuta masomo yamegeuka Kiingereza, akachelea kuuliza asije akachekwa. Basi huinamia daftari akanakili yaliyo ubaoni, herufi kwa herufi, maneno asiyoyajua maana. Jioni humngojea ng'ombe na ndoo ya maji, na karasha la kuponda mawe ya dhahabu lingurumalo jirani humwita kwa ujira wa leo, ilhali elimu humwahidi malipo ya miaka ijayo.

Mwenziwe wa shule ya binafsi mjini Geita au Kahama ana kitabu, ana mwalimu, na basi la manjano humchukua kabla ya jua kuchomoza. Lakini amebeba deni lisiloandikwa popote. Kila alama ipunguayo huihesabu kwa fedha za baba, na akikosa wastani uliowekwa huenda akaambiwa akariri darasa au akatafute shule nyingine. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora; hata hivyo, swali la "Umekuwa wa ngapi?" halikuondoka sebuleni.

Wote wawili hukutana mbele ya karatasi moja, na dhiki yao hujidhihirisha kwa dalili zilezile: usingizi kuruka, kichwa kuuma, tumbo kusokota asubuhi ya mtihani, na ukimya usio wa kawaida, ambao aghalabu sisi wazazi huuita uvivu, tukaongeza masomo ya ziada.

Mchimbaji mzoefu hashuki duarani kabla ya kukagua matimba, yaani magogo yanayozuia kuta, maana ajua kwamba ukuta hutoa ufa kabla ya kuporomoka. Laiti tungewakagua watoto wetu vivyo hivyo, tukawauliza wamelalaje kabla ya kuwauliza wamepata ngapi.