Giaboksi haivutwi kwa bolti

Sijui ni nani aliyewaambia vijana wetu kwamba nguvu ndiyo elimu ya gereji. Nalisema jambo hili kwa uchungu kwa kuwa imani hiyo nimeilipia kutoka mfukoni mwangu, na nusura inipotezee gari ambalo thamani yake kwangu haipimwi kwa shilingi.

Gari lenyewe ni pikapu ya Peugeot 504 aliyoiacha marehemu baba. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa habari za 504. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, ikashinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena mwaka wa 1978, na pikapu yake ikaanza kutengenezwa mwaka wa 1979. Humu nchini ilibeba maziwa, kabichi na majeneza, na ilipojengewa paa la bati ikabeba pia abiria wa matatu. Ile ya baba ilikuwa ikitoa viazi Kinangop hadi soko la Wakulima jijini Nairobi, na karo yangu ya sekondari ilitoka mgongoni mwake. Basi ndugu yangu mdogo alipopendekeza tuwauzie wanunuzi wa vyuma vikuukuu, nilikataa katakata.

Bodi ilitengenezwa bila matata. Injini nayo ilifunguliwa, ikasafishwa na kufungwa. Balaa ilianzia kwenye giaboksi.

Wapo walionishauri nitupilie mbali giaboksi ya asili na kuweka ya Kijapani, ati vipuri vyake vimejaa kila duka. Ushauri huo wavutia masikioni, lakini msomaji hebu tazama chini ya gari hili. Shafti ya propela haikuachwa wazi kama katika pikapu nyingi. Imo ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwa bolti nyuma ya giaboksi na kwenda kushikana na difu. Mwenye kubadilisha giaboksi atalazimika kubadilisha propela, kisha difu, kisha akate chuma kinachoibeba giaboksi na kuchomelea kingine. Akimaliza, atakuwa na gari, naam, lakini si lile aliloachiwa na babake.

Niliipeleka kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Vijana wawili waliinua giaboksi kwa mikono, mmoja akiwa amelala chali chini ya gari huku mzigo umemkalia kifuani. Iliingia, ikakwama. Kati yake na injini ilibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Badala ya kuuliza ni kitu gani kimezuia, walitia bolti wakazikaza kwa spana ndefu ili ziivute. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika. Ganda la mbele, ambalo ni la aluminiamu wala si chuma cha pua, lilikatika sikio, na kitovu cha klachi pleti mpya kikapinda. Nilipolalamika niliambiwa kwamba gari ni zee. La hasha! Uzee wa gari haukuwa na hatia yoyote hapo.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliye karibu na barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi wetu hatujaacha kuiita Grogan. Aliitazama giaboksi yangu kwa muda mrefu pasipo kuigusa, kisha akanituma nikatafute ganda jingine na klachi pleti nyingine. Flaiwili aliipeleka ikakerezwe. Beringi ya klachi na sili ya oili iliyo nyuma ya krankishafti alizibadilisha zote mbili, akisema kwamba hakuna mtu mwenye akili anayeiteremsha giaboksi mara mbili kwa ajili ya sili moja.

Aliponza kuifunga, ndipo nilipofahamu kosa la wale vijana. Klachi pleti hubanwa kati ya flaiwili na presha pleti, na ikibanwa ikiwa imekwenda upande hata kwa kiasi kidogo tu, shafti ya giaboksi haitapenya katikati yake kufika mwishoni mwa krankishafti. Mzee alikuwa na shafti aliyoitoa katika giaboksi bovu zamani. Aliipachika kwanza, ikaiweka pleti katikati, akakaza presha pleti kidogo kidogo kwa kupishanisha bolti, ndipo akaichomoa. Giaboksi yenyewe aliikalisha juu ya jeki iliyowekewa ubao, akaipandisha hadi ikalingana sawasawa na injini. Hakuiacha ining'inie kwa shafti yake hata kwa dakika moja.

Ilikwama tena, katika nafasi ile ile. Moyo wangu ulinidunda.

"Mwalimu," akaniambia, "bolti hazina jibu. Tuulize meno."

Aliingiza gia, akaniagiza nizungushe injini polepole kwa mkono kutoka mbele. Meno ya shafti yalipopata mifereji ya pleti, giaboksi iliteleza yenyewe hadi ikagusa injini. Bolti zilitiwa baadaye, kazi yake ikiwa ni kushikilia tu.

Yaliyobakia sitayasimulia kwa urefu, isipokuwa kwamba mzee alitia giaboksi oili ya injini, wala si ile nzito ya difu, kama walivyoagiza watengenezaji wenyewe. Mimi binafsi ningalikosea hapo.

Kinachonikera ni kwamba mzee huyu hana mwanafunzi. Kijana aliyekuwa akimsaidia aliondoka kwenda kuendesha bodaboda, na sikumlaumu, kwani tumbo halingoji ujuzi ukomae. Lakini vyuo vyetu vya ufundi vinazo karakana, vina walimu na vina vijana wenye vyeti ambao pengine hawajapata kumwona mtu wa aina hii akifanya kazi. Kuna ugumu gani kumwita mzee kama huyu siku moja kwa juma, alipwe kama anavyolipwa mwalimu, nao wasimame pembeni watazame? Asipoitwa sasa, ataitwa lini?

Pikapu ilirudi Kinangop kwa magurudumu yake. Gia zipo kwenye usukani kama zamani, na ya pili bado ina ubishi asubuhi kukiwa na baridi. Mzee asema hizo ni bushi za vijiti vya gia, nimrudishie gari baada ya mavuno ya viazi. Nimemwahidi kwamba safari hiyo nitakuja na mpwa wangu.