Deni la Mgodi Hukaa Mtoni

Mlima ukipasuliwa kwa baruti ili kulifikia tabaka la makaa ya mawe, kifusi lazima kiende mahali. Katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, kwa miaka mingi kifusi hicho kimesukumwa kwenye makorongo ya jirani, maana ndiyo njia rahisi kwa mwenye mgodi. Chini ya makorongo hayo ndiko vijito vinakoanzia. Wakala wa mazingira wa serikali ya Marekani ulikadiria kwamba karibu kilomita 3,200 za vijito zimefukiwa hivyo.

Desemba 2016 serikali ya Rais Barack Obama ilikamilisha kanuni ya kulinda vijito. Iliwataka wenye migodi wapime maji kabla ya kuchimba, wakati wa kuchimba na baada yake, na wavirudishe vijito katika hali yake. Wataalamu wa serikali walikadiria kwamba katika miaka 20 ingenusuru kilomita 9,600 za vijito. Ilianza kutumika tarehe 19 Januari 2017 na haikumaliza mwezi. Bunge liliifuta, na tarehe 16 Februari Rais Donald Trump akatia saini kuifuta kwake, akisema anaokoa ajira.

Hoja ya ajira si ya kubezwa. Kuna wilaya kule ambazo mgodi ukifungwa, duka linafungwa na shule inapungukiwa watoto. Lakini tuangalie takwimu. Katikati ya miaka ya 1980 sekta ya makaa ya mawe ya Marekani iliajiri watu zaidi ya 150,000. Mwanzoni mwa 2017 walibaki kama 50,000, na mwisho wa 2020, karibu miaka minne baada ya kanuni kufutwa, hawakufika 45,000. Ajira zilimezwa na mashine kubwa zinazohitaji watu wachache, kisha na gesi asilia ya bei nafuu. Mwaka 2008 karibu nusu ya umeme wa Marekani ulitoka kwenye makaa ya mawe. Mwaka 2023 ilikuwa asilimia 16 hivi. Kanuni iliyoishi wiki nne haikupata hata nafasi ya kumfukuza mtu kazi.

Nini basi kilichoachwa bila ulinzi? Ndani ya miamba inayoandamana na makaa ya mawe mna madini yaitwayo pairaiti, yaani chuma kilichoungana na salfa. Yakiwa chini ya ardhi hayana neno. Ukiyavunjavunja na kuyaacha yapigwe na hewa na mvua, yanatoa asidi ya salfa na chuma kinachoyeyuka. Asidi hiyo inaendelea kulamba miamba mingine na kuchota aluminiamu na manganizi. Maji yakifika kijitoni na kukutana na maji yasiyo na asidi nyingi, chuma kinajitenga na kuwa utelezi wa rangi ya chungwa unaofunika kila jiwe. Ukiligeuza jiwe kama hilo huoni lava wa wadudu waliopaswa kujishika pale, na pasipo wadudu hao samaki hana chakula. Migodi iliyoachwa karne iliyopita ingali inatiririsha maji ya namna hiyo leo. Kuyasafisha kunahitaji chokaa, mabwawa ya kutuamisha tope na mtu wa kuyasimamia mwaka baada ya mwaka, bila tarehe ya kumaliza.

Hapo ndipo mazingira yanapogeuka uchumi. Sheria ya Marekani ya 1977, iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter, inamtaka mwenye mgodi aweke dhamana kabla ya kuchimba, ili akishindwa kukarabati ardhi serikali itumie fedha hiyo. Sheria hiyo ilizaliwa na msiba. Tarehe 26 Februari 1972, bwawa la taka za makaa ya mawe lilipasuka Buffalo Creek, West Virginia, likaua watu 125. Siku nne kabla, mkaguzi alikuwa ameliona halina tatizo. Kampuni ikadai ni kazi ya Mungu.

Udhaifu ulipenyezwa kwenye dhamana yenyewe. Baadhi ya majimbo yaliruhusu kampuni kubwa zijidhamini, yaani ahadi yao kwenye karatasi ihesabiwe kuwa fedha. Kisha Alpha Natural Resources ikaomba ulinzi wa kufilisika Agosti 2015, Arch Coal Januari 2016, Peabody Aprili 2016. Peabody peke yake ilikuwa imejidhamini kwa zaidi ya dola bilioni 1. Ahadi ya mtu aliyefilisika haijazi shimo.

Tozo nayo imepungua. Mwaka 1977 kila tani ya mgodi wa wazi ilitozwa senti 35 kwa ajili ya kukarabati migodi ya zamani. Kwa mfumuko wa bei, senti hizo zingekuwa zaidi ya dola 1.50 kufikia 2021. Badala yake, mwaka huo tozo ilishushwa hadi senti 22.4, na Bunge likatenga dola bilioni 11.3 za walipa kodi kwa kazi ileile.

Mapafu ya wachimbaji yana hesabu yake. Watafiti wa serikali waliripoti mwaka 2018 kwamba, katika Appalachia ya kati, mmoja kati ya kila wachimbaji watano waliofanya kazi miaka 25 au zaidi ana ugonjwa wa mapafu meusi. Tabaka nene zimekwisha, mashine sasa zinakata mwamba mwingi, na vumbi la silika litokalo kwenye mwamba huo linaumiza kuliko la makaa. Kanuni ya 2024 ya kupunguza vumbi hilo ilipokaribia kuanza kutekelezwa kwenye migodi ya makaa, Aprili 2025, ikasogezwa mbele. Nami siwezi kuuita ucheleweshaji huo unafuu kwa uchumi. Kampuni tatu tu zilizofilisika kati ya 2014 na 2016 ziliuachia mfuko wa serikali wa wagonjwa hao mzigo wa dola milioni 865.

Nayaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu malori ya makaa ya mawe yanashuka kutoka Ruvuma hadi bandari ya Mtwara, na tangu 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, wanunuzi wa ng'ambo wameongezeka. Shinikizo la kuharakisha vibali huja wakati kama huo. Dhamana idaiwe ikiwa fedha taslimu au hati ya benki, tena kabla ya tingatinga la kwanza. Kiasi chake kikokotolewe upya kila eneo la mgodi linapopanuka, na karatasi ya mahesabu hayo, pamoja na vipimo vya maji ya mto kabla ya uchimbaji, ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, mahali ambapo watumiaji wa mto huo wanaweza kuisoma.